Doña Nidia na Kahawa ya Saa Tisa

Saa tisa kamili alasiri, wasikilizaji wapendwa. Mliozoea kunisikia saa kumi na moja, msiguse redio, haijaharibika. Ni mimi, Olman Coto, na saa hii nimeiomba kwa makusudi. Mkuu wetu wa vipindi alinikunjia uso, nadhani. Mimi sioni, lakini nilisikia alivyovuta pumzi. Nikamwambia, kipindi hiki kikienda hewani saa nyingine yoyote kitakuwa uongo. Akaniachia.

Basi tia maji motoni. Chuja kahawa yako, vuta kiti, tukae pamoja.

Leo tunamkumbuka doña Nidia Brenes Montoya. Narudia kwa waliochelewa kufungua redio: doña Nidia Brenes, wa Tierra Blanca, aliyeongoza kwa miaka kumi na mitano kazi ya kuwafungulia milango watu wenye ulemavu katika kampuni ya biskuti ya Tres Cerros. Amefariki Jumatatu nyumbani kwake, akiwa na miaka sitini na saba. Tumemzika juzi, Jumatano. Mvua ilinyesha, maana mji wetu wa Cartago hauruhusu mtu azikwe mkavu.

Nitawasimulia mema yake. Na nitawaambia jambo moja nililomfanyia mimi, ambalo si jema. Nimekaa nalo miaka minane, na leo nalitoa.

Alizaliwa mwaka hamsini na mbili, kule juu kwenye mashamba ya vitunguu, ambako ukungu huingia ndani bila kupiga hodi. Mwaka hamsini na nne polio ikapita nchi nzima. Nidia alikuwa na miaka miwili. Polio ikamwachia mikono, sauti na ulimi. Miguu ikaondoka nayo.

Dada yake, doña Mayela, alinisimulia juzi jikoni kwake, huku akikatia watu jibini. "Baba alikuwa anampeleka shule kwa toroli la vitunguu," alisema. "Anatandika gunia, anamweka Nidia juu, anasukuma. Watoto wakawa wanamwita Kitunguu. Unafikiri alilia? Aliwajibu, 'Kitunguu ndicho kinacholiza watu. Subirini.'"

Mwaka sabini na nne Tres Cerros wakatafuta mtu wa simu. Akaenda. Wakamsikiliza sauti, wakampa kazi papo hapo. Wakamweka langoni, kwenye kibanda cha vioo chenye swichibodi. Alikuwa na miaka ishirini na miwili.

Sasa, wasikilizaji, kampuni zetu mnazijua. Saa tisa inagonga, kila kitu kinasimama kwa dakika ishirini. Kahawa. Pale Tres Cerros kahawa ilinywewa juu, kwenye chumba cha mbao kilichokuwa juu ya ghala la kupakia. Ngazi kumi na saba. Narudia, ngazi kumi na saba. Kengele ikilia, wote wanapanda, meneja, madereva, wapishi wa biskuti na makarani. Na huko juu ndiko kampuni ilikoendeshwa. Mikutano ya asubuhi ilikuwa ya kusinzia tu. Nani apandishwe cheo, nani kagombana na msimamizi, nani anamtaka nani, yote yaliamuliwa na kikombe mkononi.

Nidia alibaki kibandani. Aliyepika kahawa, doña Flor, alikuwa rika lake, na alimpenda. Akishamaliza kuwamiminia wa juu, alishuka na kikombe kimoja. Lakini kila akitaka kushuka, watu wanamshika njiani: Flor, umesikia? Flor, hebu niongezee. Mpaka kikombe kifike langoni, kahawa ni vuguvugu.

Miaka ishirini na miwili, kila siku, saa tisa na robo, kahawa vuguvugu.

Halafu mwaka tisini na sita ikatoka sheria ya haki sawa kwa watu wenye ulemavu. Kampuni kubwa zikaanza kutazamana. Meneja mkuu wetu, don Evelio Sancho, akazungusha macho ofisini kwake akimtafuta mtu wa kuongoza jambo hilo, na macho yake yakashuka mpaka langoni. Mwaka uliofuata doña Nidia akatoka kwenye kibanda akawa mkuu wa idara. Idara yenyewe ilikuwa yeye, meza moja na simu.

Jamani, alivyofanya kazi yule mama! Viwanda vitatu, watu elfu moja na mia nane, na hapakuwa na mlango ambao hakuupima kwa kiti chake cha magurudumu. Kiwanda cha Limón walimwalika akazindue njia ya mteremko. Saruji safi, utepe mwekundu. Akaipanda mwenyewe mpaka juu, akakuta juu kabisa wameweka chungu kikubwa cha maua, cha kupendezesha. Hapiti mtu. Akamwita meneja wa kule.

"Ua zuri sana hili," akamwambia.

"Asante, doña Nidia, mke wangu ndiye aliyelichagua."

"Nalo linatumia magurudumu?"

Chungu kikaondolewa kabla utepe haujakatwa.

Kwenye matanuri akafunga taa zinazowaka pamoja na kengele, ili viziwi wajue biskuti zimeiva. Wasimamizi akawafundisha lugha ya alama, na unajua alianza na nini? Matusi na utani. Mwalimu alilalamika. Yeye akasema, "Ukijua kumwambia kiziwi 'asante' na 'pole' tu, huyo kwako ni mgonjwa. Siku ukijua kumwambia amelala kama gogo, naye akakujibu mama yako, hapo mmekuwa wafanyakazi wenza." Kufikia kustaafu kwake alikuwa ameajiri watu mia moja na kumi na wawili. Wenye magongo, wasiosikia, wasioona.

Mimi nilikuwa mmoja wao. Mwaka tisini na tisa nilikwenda kwenye usaili na shati la kaka yangu.

"Umeshawahi kufukuzwa kazi, Olman?" akaniuliza.

"Sijawahi hata kuajiriwa, doña."

"Masikini. Hapa utapata yote mawili. Ukichelewa mara tatu nakufukuza kama mtu yeyote mwenye macho yake. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Na kuna watu watakuonea huruma humu ndani. Hao, oda zao uzikosee makusudi."

Niliajiriwa kupokea oda kwa simu. Miaka kumi na mitatu. Sauti hii mnayoisikia sasa, yeye ndiye aliyeniambia inafaa redioni. Nilidhani ananitania.

Jambo moja tu lilimshinda. Chumba cha kahawa.

Kila Januari alikwenda kwa don Evelio, ambaye ofisi yake ilikuwa chini, asante Mungu, akaomba lifti. Na kila Januari don Evelio alijibu, "Bila shaka, doña Nidia! Kwa moyo wote. Sasa hivi tu."

Wasikilizaji wapendwa, sisi watu wa nchi hii tuna ugonjwa mmoja, na leo simung'unyi maneno. Hatuwezi kusema hapana. Mtu akituomba jambo tusilotaka kulifanya, tunamwambia ndiyo, tena kwa tabasamu, halafu tunaiacha ndiyo yetu izeeke mpaka ife yenyewe. Don Evelio hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa hapa hapa, kama mimi na wewe.

Mwaka elfu mbili na tisa wakamfanyia jambo la kumfurahisha. Wakafungua chumba kidogo cha kahawa chini, kwa ajili yetu sisi wenye ulemavu. Viti vya mito. Mashine mpya ya kahawa. Mlangoni kibao cha shaba: Chumba cha Nidia Brenes. Padre akabariki, watu wakapiga makofi, wengine walilia. Wakampa ufunguo. Na doña Nidia, ambaye aliomba kukaa na wenzake, amepewa chumba cha kukaa mbali nao. Unadhani alisema nini mbele ya padre?

Alisema, "Asanteni, nashukuru sana." Hata yeye.

Tukaanza kunywa kahawa humo. Tulikuwa kumi na mmoja. Kahawa ya moto kabisa, usiseme. Lakini chumba chetu kilikuwa chini ya kile cha juu, nami masikio yangu ndiyo macho yangu. Nilisikia viti vikiburutwa juu ya vichwa vyetu. Nilisikia kicheko kikipasuka, mia mbili kwa pamoja, na sisi chini tunakoroga sukari.

Sasa lile jambo langu.

Kulikuwa na Gerardo, wa mauzo. Siku moja akanishika mkono. "Olman, unafanya nini kwenye hicho chumba cha watakatifu? Panda bwana, leo wameleta tamal za mahindi na nyama."

Miguu yangu mizima. Macho tu ndiyo hayapo. Nikapanda. Nilizihesabu, kumi na saba. Na kule juu, wasikilizaji, kulikuwa kutamu. Kelele, harufu ya kitambaa cha kuchujia, watu wakinigonga mabega, wakiniita majina ya utani. Nilipomweleza doña Nidia, alicheka. "Nenda, mwanangu. Miguu Mungu alikupa ya nini? Ila ukishuka unisimulie."

Wiki ya kwanza nilimsimulia kila kitu, ya pili nusu nusu. Kisha nikaacha.

Wengine wakaona. Viziwi wakapanda. Aliyekosa mkono akapanda. Wenye magurudumu walikuwa wawili tu, yeye na don Chepe wa stoo, na don Chepe akastaafu Machi ya mwaka elfu mbili na kumi na moja.

Agosti ile, siku moja nilisahau fimbo yangu chini. Saa tisa na dakika kumi nikashuka kwa kushika ukuta. Mlango ulikuwa wazi. Nikasikia vikombe vinawekwa mezani, kimoja kimoja, taratibu. Nilivihesabu bila kupenda. Kumi na moja.

"Unamwekea nani, doña?"

"Ah, Olman. Mazoea tu, mwanangu. Mikono inaweka yenyewe." Nikasikia akikivuta kikombe kimoja. "Ipo bado ya moto. Nikumiminie?"

Na mimi, wasikilizaji wapendwa, mimi niliyepewa kazi na mama huyu, nilikuwa na hadithi niliyoiacha nusu huko juu. Nikamwambia, "Bila shaka, doña. Nakuja sasa hivi." Nikachukua fimbo yangu. Nikapanda.

Sikurudi. Nilimpa ndiyo yetu.

Yaliyofuata amenisimulia don Evelio mwenyewe, juzi makaburini, akinishikia mwavuli. Kesho yake asubuhi doña Nidia aliingia ofisini kwake.

"Don Evelio, nataka uniandikie hapana."

"Hapana ya nini, doña Nidia?"

"Ya lifti. Andika: hapana, hatujengi. Tia sahihi."

"Lakini mimi sijakukatalia hata siku moja!"

"Ndiyo maana nimechoka. Hapana moja ningejua cha kuifanya. Ndiyo zako kumi na nne sijui niziweke wapi."

Don Evelio akashika kalamu. "Nilitokwa jasho, Olman," aliniambia. "Neno lenyewe fupi vile. Nikamwambia siwezi. Akasema, basi andika tarehe. Na tarehe pia sikuandika."

Doña Nidia akaweka ufunguo mezani. "Chumba chenu hiki. Kina jina langu, lakini si changu."

Don Evelio hakuwa peke yake mle ndani. Alikuwepo doña Flor, na kikombe cha meneja mkononi. Alisikia yote.

Saa tisa kengele ikalia. Tukapanda kama kawaida. Nilipofika juu, kitu cha kwanza kilichonigutusha ni pua. Hakuna harufu. Meza tupu. Watu wanaulizana, Flor yuko wapi, anaumwa? Ndipo tukasikia sauti yake, kutoka uani, chini, kule magari ya unga yanakopakuliwa.

"Kahawa iko huku! Anayetaka ashuke!"

Alikuwa ameshusha sufuria zote tatu peke yake, moja moja, kabla ya kengele. Na nje kulikuwa na yale manyunyu yetu tunayoyaita nywele za paka.

Kwanza hakuna aliyetikisika. Mtu mmoja akasema, "Mvua hii?" Mwingine akasema lazima kuna utaratibu wa kufuata. Nami nimesimama pale nikiwaza vikombe kumi na moja. Kisha kiti kimoja kikasukumwa nyuma. Mpaka leo sijui kilikuwa cha nani, na ningependa kusema kilikuwa changu. Kilikuwa cha mtu mwingine. Mimi nilikuwa wa pili.

Tukashuka wote. Doña Nidia alikuwa katikati ya uwanja, blanketi magotini. Flor akamimina kikombe cha kwanza kabisa, akampa yeye.

"Chukua. Leo ina moto."

Akaonja. "Flor! Umeniunguza ulimi, mwanamke wewe!"

Watu wakaangua kicheko. Mia mbili kwa pamoja, kile kicheko nilichokuwa nakisikia kutoka chini, na safari hii sauti ya doña Nidia ilikuwa humo. Don Evelio alishuka wa mwisho, bila mwavuli, kikombe mkononi. Flor akakwangua sufuria. "Yako imepoa, don Evelio."

Akainywa hivyo hivyo.

Wiki ya nne wakaezeka mabati pale uani. Doña Nidia alikuwa amebakiza miezi minne na siku kadhaa kustaafu, na miezi hiyo yote alikunywa kahawa na wenzake. Miezi minne, katika miaka thelathini na minane. Lifti haijajengwa mpaka leo, lakini kahawa Tres Cerros inanywewa uani, na ukifika mgeni watakuambia imekuwa hivyo tangu zamani.

Nilisimama karibu naye kila siku pale uani, na samahani sikumwomba hata mara moja. Nilingoja ije yenyewe, na kwa kawaida haiji.

Mwezi uliopita nilikwenda kumwona. Sauti ilikuwa imepungua, utani haujapungua. Doña Mayela akatuletea kahawa, na nilisikia Nidia akiweka kikombe chake pembeni bila kukigusa. Dada yake akanong'ona, "Anaacha ipoe. Maisha yote anainywa vuguvugu. Ya moto haimpendezi."

Kumbe ugomvi wote ule haukuwa wa moto wa kahawa.

Kisha akaniuliza. "Olman. Juu kulikuwaje?"

"Juu wapi, doña?"

"Chumbani. Sikuwahi kukiona. Uliacha kunisimulia."

Hakusema kwa kulaumu. Alisema kwa hamu, kama mtu anayeulizia mji alikozaliwa. Na hebu fikirini, badala ya watu wote wenye macho, aliniuliza mimi. Nikamweleza nilichokuwa nacho. Kwamba ubao wa tatu kutoka mlangoni ulilia ukiukanyaga. Kwamba meza kubwa ilikuwa na mguu mfupi, wameutilia kipande cha boksi. Kwamba kulikuwa na dirisha, kwa sababu upepo ulinipata shavu la kushoto.

"Na dirisha linaona nini?"

"Unaniuliza mimi, doña?"

Tukacheka mpaka akakohoa. "Siku moja umwulize mwenye macho," akasema, "uniambie."

"Bila shaka," nikasema.

Jana, siku moja baada ya mazishi, nilikwenda Tres Cerros. Nilimchukua doña Flor. Chumba cha juu sasa ni stoo ya maboksi. Tukapanda ngazi zile kumi na saba, yeye akihema, mimi nikihesabu. Ubao wa tatu ukalia. Nikamwomba asimame dirishani aniambie linaona nini.

Nilisikia akipangusa kioo, kisha akivuta kamasi. Nilidhani analia, na kweli alikuwa analia.

"Linaona lango," akasema. "Linaona kibanda cha simu. Kiti chake kilikuwa pale pale, mbele ya kioo." Akashika mkono wangu. "Tulikuwa tunamwona, Olman. Sote. Kila siku saa tisa, tunakunywa huku tunamwona amekaa peke yake anangoja kikombe. Kuna waliokuwa wanampungia mkono. Naye anatupungia."

Nilimwahidi jibu, na ninalo. Ila sijui kama ningempelekea hili.

Kwa doña Mayela, kwa wapwa wote wa Tierra Blanca, kwa doña Flor, kwa wafanyakazi wa Tres Cerros wanaonisikiliza sasa hivi chini ya mabati: poleni sana. Poleni kutoka kwangu na kwa kituo hiki. Mungu amlaze mahali ambapo hakuna ngazi.

Na wewe msikilizaji, ulipo, ukiwa na kikombe mkononi, hebu sogea dirishani. Yuko mtu unayempungia mkono kila siku. Unamfahamu. Leo usimpungie.

Mimi ninamkosa doña Nidia. Nasema wazi, sioni aibu. Nimeikosa sauti yake kuliko nilivyowahi kuyakosa macho yangu, maana macho sikuyajua, na sauti yake niliijua.

Ni saa tisa na dakika ishirini. Kengele ya kurudi kazini. Kikombe changu kiko hapa mezani tangu nianze kusema, na hapa mbele yangu nimeweka cha pili. Vyote viwili vimekuwa vuguvugu. Ndivyo inavyotakiwa.

Doña Nidia, nimiminie. Nimekuja.